Damu Kabla ya Dawa

Oldonyo Sambu
4 Februari 2024

Mdogo wangu Bariki,

Habari za Mwanza? Wifi Evelyn hajambo? Sisi huku tupo. Vumbi limetulia kidogo baada ya mvua mbili tatu. Shemeji yako Tajeu amepunguza ng'ombe, anasema miguu yake haiwezi tena kuwafuata. Mama kule Poli anakusalimu. Migomba yake inazaa, ila kahawa anachuma kidogo tu siku hizi, bega linamsumbua.

Nimeamua kukuandikia kwa sababu kwenye simu hatuwezani. Tangu tumzike baba, kila tukipigiana tunaishia kwenye lile shamba la kahawa na mmoja anakata. Barua nitakuwa naituma kwa basi. Na wewe ukijibu ielekeze ofisi yao ya Arusha, nitaichukua nikishuka mjini.

Jambo lenyewe ni hili. Namnyaki amepata chuo Arusha. Amepanga chumba Lemara pamoja na mwenzake anaitwa Agnela. Unakijua kifua cha huyu mtoto. Tangu shule ya msingi ni pumu, na mimi ndiye niliyekuwa nakesha naye ameketi wima kitandani, anavuta hewa kama mtu anayeinua mzigo. Sasa yuko mbali nami. Mama ananiuliza, "Bariki si ndiye anashughulika na pumu huko maabara?" Sijui nimjibu nini. Hebu niambie kwa maneno ya kawaida unafanya nini na damu za watu, na kama humo mna lolote la kumsaidia mwanangu.

Dada yako,
Hanna


Mwanza
25 Februari 2024

Dada Hanna,

Shikamoo. Barua imenifikia, ingawa ilikaa ofisi ya basi kwa siku kadhaa kwa sababu walikosea namba yangu ya simu. Evelyn anakuamkia. Mpe pole shemeji kwa miguu, na mama kwa bega. Habari ya shamba tuiache kama ulivyosema.

Nitajaribu kukueleza. Ndani ya damu kuna seli nyeupe, walinzi wa mwili. Kila seli ina vitu vidogo sana kwenye ngozi yake ya nje, tunaviita vipokezi. Vichukulie kama pua ya mbwa inayojua harufu moja tu. Mtu mwenye pumu akivuta vumbi, au baridi ikimpiga, kifua chake kinatoa kemikali. Seli zenye pua ya kemikali hiyo zinaifuata. Zinatoka kwenye damu, zinaingia kwenye mapafu, na huko zinavimbisha njia za hewa. Zenyewe zinadhani zinamsaidia.

Ukimtoa mtu damu wakati amebanwa, unakuta vipokezi vimebadilika. Vingine vimeongezeka, vingine vimezama ndani ya seli, na seli nyingine huzioni tena kwa kuwa zimeshahamia kifuani. Akipata nafuu mambo yanarudi polepole. Kazi yangu ni kutafuta kipi kinatangulia kubadilika. Tukikijua, labda itapatikana dawa ya kukizuia hicho kimoja badala ya kuutuliza mwili mzima. Lakini si kesho, dada. Mimi mwenyewe huenda nitakuwa nimestaafu.

Kwa sasa kinachomsaidia Namnyaki ni ile dawa ya kuvuta kila siku, hata akijisikia mzima. Ile ya bluu ni ya dharura tu. Vijana wakipata nafuu huiacha ya kila siku. Mkazanie.

Kuna jambo jingine. Utafiti wetu umefunguliwa kwenye kliniki moja hapo Arusha. Namnyaki angefaa kujiunga. Watampima kifua mara kwa mara bila usumbufu, na ikitokea amebanwa atakimbilia hapo, atatolewa damu kidogo na kutibiwa. Lifikirieni.

Ni mimi mdogo wako,
Bariki


Oldonyo Sambu
31 Machi 2024

Bariki,

Marahaba. Leo ni Pasaka, tumetoka kanisani tumelowa. Mvua zimeanza kweli, barabara ya kwetu inapitika kwa kubahatisha. Viazi tumeshapanda. Mama alikuja akalala siku mbili, akalalamika baridi, akarudi kwenye migomba yake.

Nilimsomea Tajeu ile habari ya pua ya mbwa. Alicheka sana. Nilipofika kwenye kutolewa damu wakati mtu amebanwa, akaacha kucheka. Akasema hapana. Na mimi nasema hapana. Mtu anayetafuta hewa usimwombe kitu kingine chochote. Usikasirike. Wewe unaiona pumu ikiwa kwenye kichupa, mimi nimeiona ikiwa kitandani.

Namnyaki yupo hapa kwa sikukuu. Nilimkumbusha dawa ya kila siku akanijibu, "Naijua, mama." Siku hizi anajibu kwa mkato. Barua yako aliichukua mezani akaisoma yote, akairudisha palepale.

Hanna


Mwanza
12 Mei 2024

Dada Hanna,

Shikamoo. Poleni na barabara. Huku ziwa limejaa, mbu hawana adabu. Evelyn amehamishiwa shule nyingine, anatoka mapema na kurudi amechoka kama mimi. Tukikaa mezani kila mtu anatazama sahani yake.

Kuhusu Namnyaki nimeelewa, sitarudia. Ila ngoja nikuambie kinachonichosha, maana hapa sina wa kumwambia. Damu za watu wakiwa wazima tunazo nyingi. Za watu wakiwa wamebanwa hatuna. Wanapotufikia wameshachomwa sindano ya kupunguza uvimbe, na sindano ile inavivuruga vipokezi. Najikuta napima dawa, sipimi ugonjwa. Mradi unafika mwisho mwakani na sina cha kuonyesha. Wakubwa wangu wananiuliza kwa upole, na huo upole ndio unaonitisha.

Nimewaandikia watu wa kliniki ya Arusha maelekezo mafupi wayabandike ukutani: damu kwanza, kabla ya dawa. Yakiwa marefu hawasomi. Tuone.

Nisalimie Tajeu.

Bariki


Mwanza
28 Julai 2024

Dada Hanna,

Shikamoo. Hujajibu barua yangu ya mwezi wa tano, nadhani ni kazi za shamba. Nimepiga simu mara kadhaa haipokelewi. Mama alipokea akaniambia tu kwamba baridi ya mwaka huu ni mbaya, na kwamba wewe hujafika Poli muda mrefu.

Nakuandikia kwa sababu nina furaha, na sijakuandikia kwa furaha hata mara moja. Tumeipata. Damu ya mtu aliyebanwa kabisa, haijaguswa na dawa yoyote. Ilichukuliwa hapo Arusha siku ya Sabasaba asubuhi, ni ya msichana. Philemoni, msaidizi wetu wa hapo, aliifunga kwenye barafu na kuipeleka uwanja wa ndege mwenyewe.

Dada, laiti ungeona. Kile kipokezi nilichokuwa nakishuku kimetoweka karibu chote kwenye damu. Seli zilizokibeba zimeondoka, na chache zilizobaki zimekimeza ndani. Wakati huo huo kipokezi kingine kimepanda kuliko nilivyowahi kukiona. Ni damu nzuri kuliko zote nilizowahi kupima. Nimewaonyesha wenzangu, hata mkuu wangu alivuta kiti akakaa.

Mwambie Namnyaki mjomba wake bado hajawa bure.

Bariki


Oldonyo Sambu
1 Septemba 2024

Bariki,

Barua zako zote mbili ninazo. Sikuwa na nguvu za kujibu.

Huku ni vumbi tupu, linaingia hata kwenye unga. Viazi havikutoa kitu. Tajeu yupo, haongei sana. Namnyaki yupo nyumbani, anapumzika. Mama hajambo.

Nina swali moja. Huyo msichana wa Sabasaba, wakati wanamtoa hiyo damu, alikuwa amepewa nini cha kumsaidia kupumua?

Hanna


Mwanza
15 Septemba 2024

Dada Hanna,

Shikamoo. Nimefurahi kuona mwandiko wako, ingawa ni mistari michache. Poleni kwa viazi.

Swali lako limenishangaza kidogo. Jina la msichana silijui, sisi huletewa namba tu, ndiyo sheria. Ilivyoandikwa ni kwamba damu ilichukuliwa kabla ya dawa yoyote, na kwamba mshipa ulikuwa mgumu kupatikana. Baadaye alipelekwa hospitali akalazwa, kisha akatoka. Hayo niliyasoma harakaharaka, nakiri, macho yangu yalikuwa kwenye matokeo. Leo nimerudi kuyasoma kwa sababu yako, na hilo neno "yoyote" silipendi. Jumatatu nitampigia Philemoni.

Lakini kwa nini unauliza? Na Namnyaki anapumzika nini wakati vyuo vimefunguliwa? Simu yake haipatikani. Niambie, dada.

Bariki


Oldonyo Sambu
6 Oktoba 2024

Bariki,

Ni Namnyaki.

Nimeianza barua hii mara nyingi na kila mara naanza na habari za mvua. Leo sina habari ya mvua. Huenda Philemoni ameshakuambia, huenda aliogopa. Nakuandikia nilivyoambiwa na Agnela, maana mimi sikuwepo.

Alijiunga mwenyewe mwezi wa tano. Ni mtu mzima, hakuhitaji ruhusa yangu. Alimwambia Agnela kwamba damu yake itakufikia bila wewe kujua ni ya nani, na siku moja atakuja kukuambia, na utafurahi. Alikuwa ameisoma barua yako ya kwanza, akaielewa kwamba unakosa usingizi kwa ajili ya ugonjwa wake, ingawa hukuandika hivyo.

Sabasaba asubuhi ukungu wa mlima ulikuwa umeshuka mpaka Lemara. Aliamka amebanwa. Ile dawa ya bluu haikumsaidia. Agnela alitaka kumpeleka hospitali, Namnyaki akamwonyesha kwa mkono, kliniki, kwa sababu aliahidi. Wakachukua bajaji.

Mwuguzi alikuwa ameshaandaa mashine ya mvuke wa dawa ya kufungua kifua. Philemoni akasema, "Subiri kidogo, dada. Damu kwanza."

Mwuguzi akasema, "Huyu hawezi kusubiri."

"Imeandikwa pale ukutani. Kabla ya dawa."

"Dawa ipi?"

"Imeandikwa dawa."

Philemoni akajaribu mkono mmoja, hakupata mshipa. Akajaribu wa pili. Agnela anasema alipiga kelele, "Mwacheni apumue kwanza," na Namnyaki mwenyewe akatikisa kichwa, akaunyoosha mkono ili waendelee. Midomo yake ilikuwa imebadilika rangi. Kichupa kilipojaa alikuwa ameshafumba macho. Mwuguzi akamsukuma Philemoni pembeni, wakamwekea hewa, wakamkimbiza hospitali. Alilala chumba cha mashine muda mrefu. Mimi na Tajeu tulikuwa tunapokezana kwenye benchi.

Philemoni alikuwa anakuja kila siku na uji. Tajeu alitaka kumpiga, mimi nikamzuia. Kijana alifuata alichoandikiwa.

Sasa Namnyaki anatembea, anakula, anaongea. Lakini anasahau. Anasoma ukurasa, akifika chini amesahau wa juu unasema nini. Anatafuta neno rahisi, kijiko, dirisha, halimjii, na anaona aibu. Daktari anasema kichwa kilikosa hewa. Huenda akarudi kama zamani, huenda asirudi kikamilifu. Chuo wamempa ruhusa ya mwaka.

Barua yako ya Julai niliisoma nikiwa hospitali, yeye amelala. Nilifika kwenye msichana wa Sabasaba nikajua. Nikaendelea kusoma mpaka pale uliposema ni damu nzuri kuliko zote. Nikaikunja.

Sikukupigia simu kwa sababu ningekutamkia maneno ambayo mama angeyasikia mpaka Poli. Sikukuandikia kwa sababu nilitaka ujiulize mwenyewe, kisha nikachoka kusubiri.

Hanna


Mwanza
13 Oktoba 2024

Dada Hanna,

Shikamoo. Nimepiga, hukupokea. Ni haki yako.

Philemoni alinieleza yote isipokuwa jina. Hakujua kama ni mpwa wangu, jina la ukoo si letu. Nilikuwa nimekaa nayo hiyo habari, nikimfikiria msichana nisiyemjua, ndipo barua yako ikaja.

Niliandika "dawa". Nilikuwa namaanisha sindano ya kupunguza uvimbe peke yake. Mvuke na hewa havivurugi chochote ninachokipima, alitakiwa avipate palepale mlangoni. Kwenye maandishi marefu ya utafiti imeelezwa hivyo. Kwenye ile karatasi ya ukutani nilifupisha ili wasome. Philemoni hana kosa, na nimemwandikia hivyo, na mkuu wake pia.

Kuna jambo jingine, na hili hakuna anayenilazimisha kukuambia. Hata hiyo sindano huchukua saa kadhaa ndipo ianze kuvigusa vipokezi. Wangeweza kumchoma, akatulia, kisha wakamtoa damu akiwa anapumua, na ningepata karibu yale yale. Nilijua. Nilitaka iwe safi kabisa.

Nimepeleka taarifa kwa kamati inayosimamia tafiti. Kazi imesimamishwa Arusha na hapa. Karatasi imebanduliwa. Sijui kama itaendelea tena, na sijaomba iendelee. Evelyn nimemwambia, amelia, kisha akaenda kulala kwa rafiki yake. Amerudi jana.

Damu ya Namnyaki bado ipo kwenye jokofu letu. Ni ya kwake. Akisema ibaki, itabaki na kutumika kwa heshima. Akisema itupwe, nitaitupa na matokeo yake nitayafuta. Lakini ni haki yake kujua kilichoonekana ndani yake kabla hajaamua, kwa hiyo nimemwandikia kurasa mbili, nimeziweka humu humu. Nimejitahidi sentensi ziwe fupi. Kama zitamchosha, msomee.

Nataka kuja. Sitakuja mpaka uniambie.

Bariki


Oldonyo Sambu
1 Desemba 2024

Bariki,

Barua yako ilikaa ofisi ya basi, sikushuka mjini mwezi mzima. Mvua za vuli zimekuja kidogo, tumepanda maharage. Tajeu ameuza ng'ombe wengine. Mama anasema amekuota, anataka kujua kwa nini umenyamaza. Sijamwambia kitu. Yeye anajua tu kwamba Namnyaki aliugua.

Zile kurasa alikataa nimsomee. Alizisoma mwenyewe, kidogo asubuhi, kidogo jioni, akiweka alama kwa kalamu pale alipofika. Zilimchukua zaidi ya wiki. Siku aliyomaliza alikuja nilipokuwa nachambua maharage akakaa.

Akaniuliza, "Zile seli zilizotoka kwenye damu zikaenda kifuani, zilirudi?"

Nikamwambia mjomba wake ameandika kwamba zinarudi mtu akipata nafuu.

Akawa ananisaidia kuchambua. Baadaye akasema, "Mwambie aitupe."

Nikamwuliza kama amefikiri vizuri. Nikamwambia kwamba huenda ikasaidia mtoto wa mtu mwingine, na kwamba wewe hutakuwa na kitu kingine cha kuonyesha. Nilijishangaa kwa nini nakutetea.

Akasema, "Nimefikiri, mama. Nilimpa nikidhani nitakuwepo akifurahi. Alifurahi mimi nikiwa kule. Aitupe."

Basi, itupe. Usimwandikie tena kumwuliza.

Nilidhani siku akisema hivyo nitajisikia vizuri. Nilikuwa nimeisubiri. Lakini nilibaki nimekaa na lile bakuli la maharage, nikafikiria miaka uliyoitumia huko, na baba alivyokuwa akijisifu kwa watu kuhusu wewe, na sikupata furaha yoyote. Nimechoka, Bariki. Nimechoka hata kukukasirikia.

Dawa yake ya kila siku anaitumia. Kifua kimetulia. Maneno yanarudi moja moja. Juzi alimkosoa baba yake hesabu ya mbegu, Tajeu akatoka nje akasimama zizini muda mrefu.

Umesema hutakuja mpaka nikuambie. Nakuambia. Njoo Krismasi, upitie Poli umchukue mama, maana peke yako hutaweza kuingia hapa. Tajeu hatakufukuza. Hatakukaribisha pia. Usilete maelezo, tumeshayasoma. Namnyaki amesema ukifika yeye atakaa chumbani. Utakaa sebuleni, utakunywa chai, utaongea na mama habari za migomba. Asipotoka, utaaga kama kawaida, na utarudi tena Pasaka.

Dada yako,
Hanna